Fundo la Mkono Mmoja

Manundu, Korogwe
12 Machi 2023

Kaka Yordani,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Huku tunaendelea, ukiacha joto ambalo mwaka huu halina adabu. Pendo wangu amekwenda Muheza kusomea uuguzi, na nyumba imekuwa kimya mpaka nasikia mende wakitembea. Wifi Janeth anaendeleaje na mguu? Mwambie yale mafuta ya nyonyo niliyompa ni ya kuchulia, siyo ya kuweka kabatini kama mapambo.

Utauliza kwa nini nimeandika kama watu wa zamani. Nimepiga simu mara nne. Kila nikipiga unasema mtandao mbaya, unapanda kichuguu, unashuka kichuguu, halafu unakata. Barua haikatiki. Nimempa Awadhi, konda wa basi la Handeni, kwa kuwa na mizigo ya singa, nyuzi zetu za mkonge, inapita kwake. Wewe nawe jibu kwa njia hiyohiyo.

Mzigo ulioleta mwezi jana umefika. Kaka, nimesuka mkonge miaka ishirini na sijaona singa kama hizi. Ni ndefu kunipita, nyeupe, na hazina hata ule uchachu wa utomvu. Husna, mwenzangu wa kikundi, alizinusa akasema zimeoshwa na nani. Tumepata oda ya mazulia ya mlangoni na vikapu kwa ajili ya hoteli moja ya Tanga, kwa hiyo zimekuja wakati wake.

Kilichonifanya nishike kalamu ni kitu kidogo. Mzigo ulifungwa kwa fundo la baba. Unalikumbuka vizuri kuliko mimi. Anakandamiza kamba kwa dole gumba la kushoto, anazungusha mara mbili, kisha anavuta ncha kwa meno. Watoto wote wa kambi ya mkonge tulijaribu tukashindwa, na mama akawa anatucheka. "Hilo ni fundo la shida," anasema, "mngeliona lile la mikono miwili!" Maana kabla korona, ile mashine ya kuparulia mkonge, haijamchukua mkono wa kulia, baba alikuwa na fundo lake ambalo msimamizi alilitambua toka mwanzo wa safu, lenye ncha mbili zilizoachana sawasawa kama masikio ya sungura. Mimi sikuwa nimezaliwa. Wewe ulikuwa na miaka mitatu. Mama hakuweza kutuonyesha, na amekufa bila mtu mwingine kulijua.

Sasa niambie, umejifunza lini hili la mkono mmoja, na kwa nini ulinificha? Nililiona nikakaa chini. Tangu tumzike baba Mei ya mwaka jana sikuwahi kulia vile.

Mdogo wako,
Evodia

Kwaluguru, Handeni
2 Aprili 2023

Mdogo wangu Evodia,

Marahaba, na milele amina. Sisi wazima kwa neema ya Mungu. Mvua imeanza, tumepanda mahindi upande wa bondeni, na nyani nao wamejipanga kuvuna kabla yetu. Janeth amesema mafuta anayatumia. Nimechungulia kabatini, chupa imejaa. Sitaki ugomvi, kwa hiyo hilo libaki kati yetu. Mzee Mhina, mwenzake baba wa kazini, anakusalimu sana. Macho yamepungua ila mdomo haujapungua.

Nimefurahi kwamba singa zimekupendeza. Ni za hapahapa, nimeparua mwenyewe kwa mkono.

Kuhusu fundo, mimi sijajifunza fundo lolote. Mzigo niliufunga kwa mpira wa baiskeli kama siku zote. Labda Awadhi aliufungua njiani akaufunga upya. Makonda wana mikono mirefu.

Hizo singa zimalize upesi. Suka mazulia, yakanyagwe na watu wengi. Kamba usisuke.

Kaka yako,
Yordani

Manundu, Korogwe
23 Aprili 2023

Kaka Yordani,

Shikamoo. Pasaka tuliila vizuri, Pendo alikuja siku mbili akanimalizia sukari. Husna alikuwa na Idi yake juzi, akatuletea maandazi, na hayo ndiyo mazuri niliyonayo ya kukuandikia.

Makonda wana mikono mirefu, sawa. Lakini Awadhi ana mikono miwili, na meno ya mbele hana hata moja.

Sasa sikiliza. Ijumaa baada ya Pasaka tulikuwa chumba cha kazi, mimi na Husna. Singa tulizitandaza sakafuni tuzichane. Saa tano tukatoka uani, mimi kunywa chai, Husna na mfungo wake kupunga upepo, tumekaa mlango tunauona. Tuliporudi zilikuwa zimefungwa mafungu madogo madogo na kupangwa kando ya ukuta, kama wakataji wanavyopanga majani ili msimamizi apite akihesabu. Kila fungu lina fundo la baba. Husna akahesabu fungu la kwanza: singa thelathini. La pili, thelathini. Husna hajawahi kulala kambini hata siku moja, hajui kwamba mkataji hufunga majani thelathini kwa fungu. Mimi ninajua, na wewe unajua.

Nilitaka kucheka. Nimeshindwa kwa sababu ya jambo la pili. Kidole kidogo cha mkono wangu wa kulia kilianza kufa ganzi mwezi wa tatu. Sasa ni vyote vitano. Ganzi imepanda mpaka kwenye kifundo cha mkono ikasimama hapo, mstari ulionyooka. Juu ya mstari nasikia hata nzi akitua. Chini yake nimejidunga sindano ya kushonea mikeka, sikusikia. Daktari anasema ni mishipa, nipumzike. Kaka, msusi bila mkono wa kulia ni mtu wa kukaa mlangoni kusalimia wapita njia. Sijui kazi nyingine.

Kwa hiyo nakuuliza moja kwa moja, singa hizi umezikata mkonge upi? Hukuugusa ule wa baba, nyuma ya kambi? Najua sasa pale hakuna kitu. Mkono walioufukia pale mwaka sabini na moja ulifukuliwa siku ya maziko, ukalala na mwenyewe kama watu wa kambi walivyoahidiana, kila mtu aondoke mzima. Kopo lenye mkono huo nililipakata mimi mwenyewe. Lakini baba aliupanda upya mkonge ule mara tatu kwa mkono wake uliobaki. Kila ulipotoa mlingoti wa maua na kukaribia kufa alichagua kikonyo kimoja, mche unaoota juu ya mlingoti, akakirudisha palepale, alama isipotee. Usingeukata bila kuniambia, au ungeukata?

Evodia

Kwaluguru, Handeni
28 Mei 2023

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imekaa kwangu mwezi, na kosa si la Awadhi. Kulikuwa na palizi, kisha Janeth akashikwa na malaria, kisha kikao cha kijiji kuhusu mifugo ya wafugaji, unajua mambo hayo hayaishi. Nimekuwekea mahindi ya kuchoma na asali. Asali ile chemsha na tangawizi, uuchue mkono. Mpwa wangu Pendo, akiwa nesi, ataniambia kama nimekosea dawa.

Nimekutafutia singa nyingine kwa rafiki yangu wa Mkumbara, zimo humo kwenye gunia. Tumia hizo. Zile za kwanza zilizobaki zichome moto. Usiniulize sana, Evo. Mtu mzima akikwambia choma, choma.

Mkonge wa baba ni mkonge kama mingine. Umetoa mlingoti, sasa umeipita nyumba kwa urefu. Mbuzi wa Mzee Mhina hawapiti tena upande ule, wanazungukia mtoni. Yeye anasema ni kwa sababu ya nyoka.

Mwaka huu tumepata maboga makubwa sana.

Yordani

Manundu, Korogwe
11 Juni 2023

Kaka,

Shikamoo. Samahani kwa mwandiko, naandika kwa kushoto. Tuko hai. Asali tumeila. Mahindi yalikuwa matamu. Nimemaliza salamu.

Nilizichoma. Nilitoa singa zote nje mchana kweupe, nikamwaga mafuta ya taa, na Husna akiwa shahidi. Unajua katani inavyoshika moto, haichukui muda wa kusali Baba Yetu. Ziliungua zote isipokuwa palipofungwa. Majivu yalipopoa tulichambua kwa kijiti tukakuta mafundo, kumi na saba, meupe, hayana hata harufu ya moshi. Nimeyaweka kwenye sahani. Ninayo mbele yangu ninapoandika.

Nimeyatazama siku tatu. Maisha yangu yote nimefanya kazi ya kutazama mafundo, kaka, na hapa nilifanya haraka kwa sababu ya kulia. Nililiona la kwanza nikaona baba. Sasa niambie wewe, fundo la baba ncha yake hutokea upande gani? Kushoto, kwa sababu alikandamiza kwa dole gumba la kushoto. Haya ncha zinatoka kulia. Yote kumi na saba. Na fundo la baba lina alama za meno, tulikuwa tunamtania kwamba anakula kamba. Haya hayana alama hata moja.

Si baba anayefunga. Ni mkono.

Mkono hauna meno, ndiyo maana.

Sasa turudi kwenye kopo. Lile kopo la grisi ulilonipa siku ya maziko, nililolipakata toka nyumbani mpaka kaburini, nikaliongelesha kama mtoto. Lilikuwa zito. Nilijiambia miaka hamsini na moja udongo huingia. Yordani, ndani ya lile kopo mlikuwa na nini?

Evodia

Manundu, Korogwe
16 Julai 2023

Kwa kaka Yordani,

Assalaam aleykum. Mimi ni Husna, ninayesuka pamoja na dada yako. Yeye hajui kwamba nimeandika. Amesema hatakuandikia tena mpaka ujibu, na unamjua, akisema amesema. Nisamehe kwa kuingilia mambo ya ndugu.

Oda ya Tanga tumewaachia wengine. Dada anakaa nje na mkono wake mapajani, anaongea, anacheka na wateja. Ila kuna jambo sijamwambia, naogopa kumwambia. Akiwa anaongea, ule mkono usiosikia kitu unafanya kazi. Unashika matamvua ya mtandio wake unayafunga, polepole, peke yake, bila yeye kutazama. Nimeuona mara tatu. Mara ya mwisho nilihesabu nyuzi.

Unajua zilikuwa ngapi. Tafadhali kaka, kwa ajili ya Mungu, kama kuna la kusema lisemwe.

Husna

Kwaluguru, Handeni
13 Agosti 2023

Mdogo wangu Evodia,

Sitaanza na mahindi.

Baba alipokuwa anakata roho alinishika shati akaniambia, "Yordani, usiniache nusu." Nikainua mkono wangu wa kulia nikaapa. Mama mkubwa na Janeth walikuwepo, wewe ulikuwa bado uko njiani kutoka Korogwe.

Asubuhi ya maziko, mvua ile unaikumbuka, nilikwenda nyuma ya kambi na jembe. Evo, nilikuwa sijafika pale miaka kumi. Maotea yalikuwa yameziba ua wote, mikonge zaidi ya mia, yote sura moja. Baba peke yake alijua upi ni upi, na sisi hatukumwuliza, maana nani anamwuliza mzazi jambo kama hilo akiwa hai? Nilichimba mashimo saba. Miiba ilinitoboa mpaka kwenye sikio. Nikasikia kengele ya kigango, nikajua watu wamekaa, kaburi liko wazi linaingia maji. Kwenye lile banda bovu la korona kulikuwa na kopo la grisi, tupu. Nikalijaza udongo. Nikalifunika kwa singa. Nikaja nikasema nimeupata.

Ukalipokea. Nilitaka kusema palepale, naapa, lakini ukalipakata, na katekista akaanzisha wimbo, na wimbo ukaisha, na udongo ukaanza kurushwa.

Februari hii nilikuwa napita kule na Mzee Mhina. Yeye ndiye aliyeshika koleo mwaka sabini na moja, alikuwa kijana, alifanya kazi korona moja na baba. Akagonga mkonge mmoja kwa fimbo akasema, "Ulifanya kazi nzuri kuuchimbua mkono bila kuuangusha mkonge." Nikaitikia. Nilisimama mbele ya mkonge wenyewe, nimeonyeshwa, na sikuchimba. Niliona aibu. Ningechimba, kijiji kizima kingejua nilimzika baba yangu na udongo wa bandani.

Kesho yake nilirudi nikakata majani yote, hata yale machanga ya moyoni, nikidhani mkonge utakufa na jambo hili litakufa nao. Badala ya kufa, mwezi uliofuata ukatoa mlingoti. Na majani yalikuwa mazuri mno kuyatupa, marefu, bila doa. Mimi ni mtoto wa kambi, sijui kutupa jani zuri. Nikayaparua nikakuletea wewe.

Hilo la mwisho ndilo linaloninyima chakula. La baba nililifanya kwa haraka na mvua. La kwako nililifanya nikiwa nimetulia.

Yordani

Manundu, Korogwe
3 Septemba 2023

Yordani,

Nimeisoma barua yako mara moja tu, nikaipa Husna aifiche.

Nimepiga magoti kumwombea baba mara ngapi mwaka huu, nikimwambia pumzika, umetimia? Na yeye nusu yake iko porini inafunga mizigo, inangoja msimamizi apite. Miaka hamsini na miwili kaka. Inafunga thelathini thelathini na hakuna mtu anayekuja kuihesabia.

Sina hasira ya kuandika, mkono wa kushoto unachoka. Nasema mambo machache tu. Mlingoti ulitoka mwezi wa tatu, kwa hiyo vikonyo vitaanza kuanguka sasa hivi. Vikianguka vitaota mia, na mkonge mama utakauka, na hapo hata Mzee Mhina hataweza kukuonyesha tena. Usiningoje. Chimba. Mchukue Mzee Mhina. Ukiupata usifungue kopo, hata kidogo, hata kwa kuhakikisha. Na ukifika kaburini sema ulichofanya mbele ya watu, kwa sauti, siyo kumnong'oneza katekista sikioni.

Ukiona aibu, kumbuka mimi ndiye ninayekaa mlangoni na mkono wa mtu mwingine.

Evodia

Kwaluguru, Handeni
8 Oktoba 2023

Mdogo wangu Evodia,

Nimefanya. Nakuandikia yote kama yalivyokuwa, bila kupunguza.

Jumamosi, tarehe thelathini, tulikwenda saa moja asubuhi, mimi na Mzee Mhina, amenishika bega kwa sababu ya macho. Vikonyo vilikuwa vimeanza kuanguka. Tulivikuta vimezunguka mkonge mama, na vyote, Evo, vilikuwa vimeanguka upande wa kuelekea makaburini. Upepo wa hapa unavuma upande mwingine.

Unajua mizizi ya mkonge haiendi chini, inatambaa tu juu juu. Ya huu ilishuka moja kwa moja kama kamba ya kisimani. Nilifuata. Kwenye kina cha kiuno changu nikakuta kopo. Mizizi ilikuwa imelizunguka mara mbili, na ncha imetokea kulia. Sikumwambia Mzee Mhina, lakini alipitisha kidole mwenyewe. Nikaikata kwa panga, na kila nilipokata yeye alisema bismillahi. Kutu imelila lile kopo likawa jembamba kama ganda la yai. Halikuwa zito. Nilipokuwa natembea nalo kifuani kulikuwa na kitu ndani kinachogonga pembeni, taratibu, kama mtu anayebisha hodi huku ana aibu. Nilipoingia lango la makaburi kikaacha.

Watu walikuwa wengi, Janeth alikuwa amewaita. Nikasema. Nilianza kwa sauti ndogo, nikakumbuka barua yako, nikarudia kwa sauti kubwa. Niliwaambia kuhusu udongo wa bandani na kuhusu majani. Mama mkubwa alinigeuzia mgongo, na bado haongei nami. Mzee Mhina ndiye aliyesogea akanishikia koleo. Tulichimba ubavuni mwa kaburi, upande wa kulia, tukaliweka kopo pale panapotakiwa. Ilikuwa saa nne na nusu. Nimeitazama saa kwa sababu nilikuwa siwezi kutazama watu.

Tuliporudi kambini mlingoti ulikuwa umelala chini, mzima, haukuvunjika, na siku ile hakukuwa na upepo. Nimeukata nikaezekea banda la mbuzi wa Mzee Mhina, nao wanalala chini yake bila matata. Vikonyo nimeviokota vyote nikavipanda shambani kwa safu, kama mkonge wa kawaida. Pale kwenye shimo sikupanda kitu. Hakuna tena wa kungojewa.

Nakutumia singa kutoka shambani kwangu, mkonge nilioupanda mwenyewe mwaka elfu mbili na kumi na tisa. Safari hii sikufunga kabisa. Mpira umeisha, na niseme ukweli, naogopa kamba. Nimezitia kwenye gunia zikiwa huru, nikashona mdomo wa gunia kwa sindano, mshono mdogo mdogo. Ukikuta mshono umeguswa usizipokee.

Sijui mkono wako ukoje na sithubutu kuuliza. Niombee.

Kaka yako,
Yordani

Manundu, Korogwe
5 Novemba 2023

Kaka Yordani,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Tazama mwandiko. Huu ni wa kulia.

Jumamosi ile nilikuwa uani namenya ndizi, nimeshika kisu kwa kushoto kama nilivyozoea, na ndizi nimeikandamiza kwa ule mwingine usiosikia. Kisu kikateleza. Nikapiga kelele. Husna alikuja mbio akanikuta damu inatiririka na mimi nacheka, namwambia inauma, Husna, inauma! Akatazama saa kwenye simu ili amweleze daktari. Saa nne na nusu. Hiyo tarehe na saa nilizikuta kwenye barua yako zaidi ya wiki moja baadaye, nikazisoma nikiwa nimesimama.

Ganzi imekwisha. Vidole viwili bado vizito asubuhi, ila vinafanya kazi. Wale wa Tanga wameagiza tena, wamesema mazulia ya wenzetu yananyonyoka. Pendo ameng'ang'ania kwamba ilikuwa mishipa tu na imejiponya. Nimemwacha, asome.

Sijakusamehe yote, kaka. Nakwambia ili usije ukafikiri barua nzuri inafuta. La udongo nimekusamehe, maana nimefikiria ile mvua na yale mashimo saba na nimekuonea huruma, umekaa na hilo peke yako mwaka mzima. La majani bado. Njoo Krismasi na Janeth, tukae, unitazame usoni, tutaona. Mama mkubwa nimempelekea salamu, ataongea, yeye hanuni zaidi ya Kwaresma moja.

Gunia limefika. Tulilikagua mimi na Husna, mshono wako mdogo mdogo kama wa mtu mwoga, hakuna uzi ulioguswa hata mmoja. Awadhi anasema lilikaa miguuni pake toka Handeni. Husna ndiye aliyekata uzi.

Singa zimefungwa.

Ni mzigo mmoja, fundo moja, katikati. Nilijua unadanganya, kisha nikalitazama vizuri nikajua hudanganyi, kwa sababu wewe huwezi, na mimi siwezi, na hakuna mtu Korogwe wala Handeni anayeweza. Sikuliona maishani mwangu, lakini nililitambua hapohapo. Lina ncha mbili. Moja imetoka kulia na moja imetoka kushoto, urefu sawa, zimeachana kama masikio ya sungura. Limekazwa pande zote mbili kwa nguvu moja. Alama ya meno hakuna. Husna akasema dada, hili si la mtu mmoja? Nikamwambia ni la mtu mmoja.

Alinyoosha mkono alifungue tuanze kazi. Nikamkataza. Nimesema oda itasubiri, au nitatumia zile za Mkumbara.

Nimeuweka mzigo kwenye kiti cha baba, kile ulichoniletea baada ya arobaini. Nikipita nauona. Siogopi tena, nilidhani nitaogopa. Mama alikuwa anasema kweli, kaka. Ni fundo zuri sana.

Mdogo wako,
Evodia